Mgonjwa Aliyeagiza Wino

Katika hospitali za Birmingham kuna swali ambalo mkalimani wa Kiswahili hulitafsiri mpaka ulimi ukalizoea: maumivu yako ni ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi? Wazee wetu wengi hawalijibu. Mama mtu mzima kutoka Bukavu au Mombasa atamtazama daktari, kisha atanigeukia mimi: "Mwambie, mwanangu, tangu Pasaka sijaweza kusonga ugali." Daktari anasubiri namba. Mimi hutafsiri ugali kwanza, namba baadaye, maana kwa maoni yangu mama amejibu vizuri zaidi ya alivyoulizwa.

Namna hiyo ya kuusema ugonjwa ina mabingwa wake katika fasihi, na bingwa ninayemrudia mara kwa mara ni Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate. Alitunga utendi wake mwaka 1275 Hijria, yaani 1858, akiwa mgonjwa na mjane. Mumewe alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyempinga Sayyid Said. Anayezungumza naye ni bintiye, Mwana Hashima. Tazama anavyouingiza ugonjwa. Anamwita binti asogee karibu. Anamweleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, na kwamba muda wote huo hakupata kumwambia neno la maana. Basi. Hautaji ugonjwa kwa jina, hataji kiungo kinachouma, hatoi kilio. Ubeti mmoja wa vipande vinne, kila kipande mizani 8, na habari imekwisha. Ukali wa maradhi umepimwa kwa kitu kimoja tu: mazungumzo ya mama na mwana yaliyokwama kwa mwaka.

Kinachofuata hunishangaza kila nikisoma. Anaagiza wino na karatasi. Mgonjwa tuliyemzoea huomba maji, au aletewe mto. Huyu anataka vifaa vya kazi. Kuanzia hapo mambo yamegeuka: aliyelala ndiye anayetoa amri, na mwenye afya ndiye anayeketi kusikiliza. Mara anaahidi hirizi ya kuvaa, mara anasema atamtungia binti kidani cha lulu na marijani. Mtu ambaye sisi tungekwenda kumpa pole ndiye anayegawa vitu vya thamani. Hata kina cha bahari, ambacho aghalabu ni -ia, kinamsaidia, kwa kuwa hukaribisha vitenzi vya kumfanyia mtu jambo: kumwambia, kumpatia, kumtilia. Kila ubeti unapofika mwisho, sauti inamwelekea mwingine, hata pale mtungaji anapojisema mwenyewe.

Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha utendi huo pamoja na tafsiri ya Kiingereza, wakaupa jina la wasia kuhusu wajibu wa mke. Tangu hapo ugomvi mkubwa umekuwa juu ya mume: je, binti afundishwe kumpapasa na kumpepea mume alalapo? Ugomvi huo ni halali, na mimi mwenyewe kuna beti nazisoma huku nimeuma meno. Lakini umeufunika ugonjwa, ilhali ugonjwa ndio unaolifungua shairi, na mwishoni unageuka kuwa dua ambamo afya ya mtungaji imechanganyika na kheri za watoto wake na ndugu zake. Ukiondoa kitanda cha mgonjwa, unabaki na orodha ya maagizo. Kitanda kikiwapo, kila agizo linasikika kama la mtu anayejua hatapata nafasi ya kulirudia.

Suala la vifaa si dogo. Hapa hapa Birmingham, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, mashine iliyobuniwa na Henry Stainsby, msimamizi wa taasisi ya wasioona ya mjini, pamoja na Albert Wayne, ilikuwa ikiwafikia wasioona waliotaka kuandika. Ilikuwa na vibonye sita, kimoja kwa kila nukta ya maandishi ya nukta nundu, hivyo herufi nzima ilitoka kwa mpigo mmoja. Aliyetumia njia ya zamani alitoboa nukta moja moja kwa kijiti chenye ncha. Anayepuuza tofauti hiyo hajawahi kuwa na wazo linalomkimbia. Kule Mexico, Gabriela Brimmer, aliyezaliwa 1947 na ugonjwa wa mtindio wa ubongo, aliandika kwa kidole cha mguu wa kushoto, akionyesha herufi kwenye ubao au akibonyeza taipu ya umeme. Kitabu chake cha 1979, alichokitayarisha na Elena Poniatowska, kimesukwa kwa sauti tatu: yake, ya mama yake, na ya Florencia, yaya aliyemlea. Sauti hizo haziungani mkono kila mara, na Poniatowska hakujaribu kuzipatanisha. Kazi ya mikono mingi kama hiyo ni rahisi kuiharibu kwa upole.

Lakini katika waandishi wanawake wa Kihispania ninaowasoma polepole, kamusi ikiwa pajani, aliye karibu nasi zaidi ni María Luisa Puga. Karibu kwa maana halisi: aliwahi kuishi Nairobi. Riwaya yake ya kwanza, Las posibilidades del odio, iliyotoka 1978, ni ya Kenya ya miaka ya baada ya uhuru, na miongoni mwa watu wake yumo ombaomba mlemavu wa mitaa ya Nairobi. Mgeni kutoka Mexico kuingia ndani ya kichwa cha ombaomba wa Nairobi ni jambo la kutiliwa shaka, nami nililitilia shaka. Kinachomwokoa ni kwamba hamtumii mtu huyo ili kutuliza moyo wa msomaji. Jina la kitabu lenyewe linazungumzia chuki.

Miaka 26 baadaye mwili uliokuwa ukiandikwa ulikuwa wake. Baridi yabisi ilikuwa imekwisha kuvishika viungo, na Puga akaandika Diario del dolor, shajara ya maumivu, iliyotoka 2004. Hapo ndipo nauona ufundi wenyewe. Hayaelezi Maumivu. Anayapa herufi kubwa kama jina la mtu, anayaita "wewe", kisha anaishi nayo nyumba moja. Wanazozana. Kuna wakati yanamchosha kama mgeni asiyejua kuaga, na kuna wakati anashangaa yamekwenda wapi. Kwa hila hiyo moja amekwepa mitego miwili inayowanasa wengi. Hana haja ya kutafuta maneno mapya ya uchungu ukurasa baada ya ukurasa, kwa kuwa mtu akishapewa jina, inatosha kusema ameketi wapi leo. Tena hawezi kujililia, kwa sababu anayezungumza naye ndiye mtesi wake, na mbele ya mtesi mtu hujikaza.

Kitabu kimekatwa vipande vifupi vifupi. Hapo Puga na Mwana Kupona wanakutana bila kujuana. Kipande kifupi kina kipimo ambacho mgonjwa anaweza kukimudu: mizani 32 za ubeti mmoja hushikika kichwani hata kwa asiyeweza kuketi, naye akizidiwa anaweza kuacha pale na kuendelea kesho pasipo mshono kuonekana. Riwaya ndefu humdai mwandishi saa za mfululizo, na hizo ndizo ambazo maradhi huzichukua kwanza. Puga alifariki Desemba ya mwaka ule ule wa 2004.

Lina Meruane wa Chile alifuata njia nyingine. Katika Sangre en el ojo, ya 2012, damu inapasuka ndani ya jicho la msimulizi akiwa kwenye karamu mjini New York, na sentensi zinaanza kukatika: nukta inatua kabla maana haijafika. Kurasa za mwanzo zinanishika shati. Kufikia katikati hila ile inanichosha, nasema kweli. Ninachokipenda hadi mwisho ni ukali wa yule mwanamke. Ni mgonjwa asiyetaka kupendwa na msomaji, na anachomtaka mpenzi wake ni jicho.

Wote hao wana bibi yao, Teresa de Cartagena, mtawa wa karne ya 15 wa ukoo wa Burgos, aliyekuwa kiziwi. Katika Arboleda de los enfermos anauwaza uziwi wake kama kisiwa alikotupwa, kisha anakipanda miti, na miti hiyo ni vitabu vya mawaidha mema; kivuli chake ndicho makao yake. Kitabu kiliposomwa, wakatokea waliokataa kuamini kwamba mwanamke, tena mgonjwa, angeweza kukiandika. Akawajibu kwa kuandika cha pili, Admiraçión operum Dey. Vyote viwili vimetufikia kwa nakala moja tu, iliyonakiliwa mwaka 1481 na kuhifadhiwa El Escorial.