Kamera na Majina ya Waliokufa

Katika filamu ya Africa Addio, iliyotolewa mwaka 1966 na Wataliana wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, mna dakika chache ambazo ni Wazanzibari wachache watakaozitazama mara ya pili kwa hiari yao. Ni Januari 1964. Kamera imo angani, na chini yake yanapita mashamba, njia na ufukwe. Juu ya ardhi hiyo pametapakaa vitu vidogo vidogo ambavyo jicho huchukua muda kuvitambua kuwa ni watu. Chombo kinapita, hakishuki. Msimulizi ana maneno mengi, lakini kati ya wale waliolala pale hamtaji hata mmoja kwa jina lake.

Filamu ile imekwisha kushutumiwa sana, na kwa haki. Sauti yake imejaa dharau kwa Waafrika, na Jacopetti mwenyewe alituhumiwa kwao Italia kuhusu mauaji yaliyopigwa picha Kongo, tuhuma ambazo baadaye aliondolewa. Lakini dosari kubwa zaidi kwa watu wa visiwani haimo katika sauti, imo katika ule umbali. Kwa zaidi ya nusu karne, kundi moja limezishika picha zile kuwa ushahidi, na jingine limeziita uzushi wa maadui wa Mapinduzi. Wote wawili wamegombana juu ya idadi. Maiti wenyewe wamebaki kama chombo kilivyowaacha: hawana nyuso, hawana baba, hawana mtaa.

Aliyekaribia alikuwa mwingine. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Tanganyika na kuanzisha kampuni yake ya Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963, alikuwa kijana wa miaka ishirini tu Mapinduzi yalipotokea, naye akavuka kuja Unguja na kamera yake. Miaka miwili baadaye Unguja hiyo hiyo ikamtia gerezani kwa ajili ya kazi yake ya picha, akateswa, akatoka akiwa amekonda. Basi kukaribia kuna bei, naye aliendelea kuilipa. Tarehe 4 Juni 1991, ghala la silaha liliporipuka Addis Ababa, alipoteza mkono wake wa kushoto. Haukupita muda mrefu akarejea kazini na mkono wa bandia.

Filamu ya Mo & Me ya mwaka 2006, anayoisimulia mwanawe Salim, inaieleza bei hiyo kutoka upande ambao wasifu wa mashujaa aghalabu huukwepa, yaani upande wa nyumbani. Humo baba ni mtu wa safari, na mtoto anajaribu kumfahamu kwa kupitia picha alizoziacha. Uzuri wa filamu uko katika ukweli huo usiopambwa. Hata hivyo katikati yake amekaa mpigapicha, kama inavyostahiki kazi ya mtoto kwa mzazi wake, na suala la waliopigwa picha halina budi kuulizwa mahali pengine.

Suala hilo linakuwa zito zaidi Korem. Picha alizochukua Amin katika kambi ile ya kaskazini mwa Ethiopia, akiwa na mtangazaji Michael Buerk, zilionyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, na dunia ikashituka. Tarehe 13 Julai 1985 ikafuata tamasha la Live Aid, London na Philadelphia. Hakuna shaka kwamba picha zile ziliokoa roho nyingi. Mwenye kulidharau hilo na akae na njaa siku tatu kwanza. Lakini zilionyesha nini khasa? Alfajiri, ukungu, watu waliojifunika mashuka, mama na mtoto aliyekwisha kufa. Mtazamaji wa mbali aliona ukame. Hakuona kwamba serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa vitani na wapiganaji wa Tigray na Eritrea, kwamba masoko yalishambuliwa kwa ndege, na kwamba chakula kilizuiwa kisifike maeneo ya waasi. Lenzi ilimwona mwenye njaa. Aliyemtia njaa hakuwapo kambini siku ile ili apigwe picha. Nyimbo za hisani zilizofuata zikamaliza kazi: vita vikawa mvua iliyokataa kunyesha.

Hapa ndipo mpenzi wa ushairi wa pwani anapokumbuka chombo kingine cha kuhifadhi vita. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga utendi wake juu ya vita vya Wajerumani na watu wa Mrima vya miaka ya 1888 na 1889, hakuwaacha watu wake katika ukungu. Abushiri ana jina, Bwana Heri ana jina, miji ina majina, na ugomvi una chanzo chake. Abdul Karim bin Jamaliddini akafuata mkondo huo huo katika utendi wa Maji Maji. Bila shaka mtunzi huelemea upande wake. Huweza kuuongeza ushujaa na kuufinika woga, na watu wadogo humpita wakiwa kundi tu, kama wanavyoipita kamera. Lakini vina na mizani havimruhusu kuanza vita bila kusema ni nani na nani waliopigana, na kwa nini. Msikilizaji barazani angemkatiza. Kamera haina baraza la kuikatiza.

Lipo tukio moja ambapo picha ilirudishiwa jina. Mtoto wa kike aliyepigwa picha Mekelle mwaka 1984 na watangazaji wa Kanada, akiwa amekatiwa tamaa ya kuishi, alionyeshwa ulimwenguni kote bila kujulikana. Mwaka 2005 alisimama jukwaani London katika tamasha la Live 8: Birhan Woldu, msichana aliyesomea kilimo. Kwa Korem nzima hakuna orodha kama hiyo.

Wala upungufu huu hauwahusu waliopigwa picha peke yao. Kwenye ule mripuko wa Addis Ababa alikufa John Mathai, Mkenya aliyekuwa fundi wa sauti wa Amin. Mogadishu, tarehe 12 Julai 1993, baada ya helikopta za Marekani kuishambulia nyumba moja, umati wenye hasira uliwaua waandishi wanne waliokwenda kuonyesha yaliyotokea. Jina la Dan Eldon, aliyekuwa na umri wa miaka 22, limeandikiwa vitabu, na daftari zake za picha zinasifiwa mpaka leo. Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya waliokufa naye pamoja na Mjerumani Hansi Krauss, ni nadra kutajwa nje ya sentensi moja. Wale waliouawa ndani ya nyumba ile hawapati hata hiyo sentensi.

Amin mwenyewe alikufa tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya shirika la Ethiopia aliyokuwa amepanda ilipotekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazidja. Kwa mujibu wa walionusurika, dakika za mwisho alikuwa amesimama akibishana na watekaji. Mtalii mmoja aliyekuwa ufukweni alikuwa na kamera ya video. Katika picha yake ndege inashuka chini kabisa, bawa la kushoto linagusa maji, chombo kinavunjika. Ndani yake walikuwa watu 175, na 125 wakafa. Vitabu vinamtaja Mohamed Amin, na Brian Tetley, mwandishi mwenziwe aliyekuwa naye safarini. Kutoka pale ufukweni, katika picha ile, hakuna anayeonekana.