Kabla ya Chai ya Saa Nne

Muulize mtu aliyerudi jana kutoka Tanga kwenye warsha mji ukoje. Atakwambia feni ya chumbani ilipiga kelele usiku kucha na kuku wa mchana alikuwa mkavu. Posho kapokea, karatasi ya mahudhurio kasaini, makabrasha kabeba. Tanga yenyewe kaiona dirishani mwa basi, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka.

Wapo wachache wenye ufundi mwingine, na hao ndio ninaotaka kuwasifu. Hawatoroki kikao. Kutoroka hakuhitaji akili. Yeyote anaweza kunyanyuka akijifanya anapokea simu, asionekane tena mpaka kesho. Mafundi ninaowasema hukaa ukumbini mpaka mwezeshaji afunge mada, na maswali wanauliza. Wanachokijua wao ni saa zisizo na mwenyewe: zile za baada ya swala ya alfajiri kabla kikao hakijaanza, na zile za alasiri, wenzao wanapojilaza na rimoti.

Alfajiri ndiyo bora. Hapo Tanga fundi huteremka Deep Sea, kwenye soko la samaki, vyombo vinapoingia. Dalali anamwaga fungu chini, anataja bei ya kuanzia, na mnada umeanza. Kina mama wa kukaanga wamesimama na ndoo zao, kimya, nyuso hazisemi kitu. Mmoja anainua kidole kidogo tu, hata jirani yake hakukiona, lakini dalali kakiona na bei imepanda. Mgeni mwenye shati la kikao anaweza kusimama hapo nusu saa bila kusumbuliwa, ilimradi asizibe njia na asianze kupiga picha. Akitaka mazungumzo, aulize jina la samaki. Watamjibu wawili kwa pamoja, huyu kolekole, yule karambisi, na ubishi ukishapamba moto yeye hana kazi tena ila kusikiliza. Saa tatu yuko kitini, viatu vina magamba kidogo. Kama mada ya siku hiyo ni masoko ya wazalishaji wadogo, na mara nyingi ndiyo hiyo, atakuwa na jambo la kusema ambalo halimo kwenye slaidi.

Jioni ni ya Ngamiani. Mitaa yake imenyooka na imepewa namba, Barabara ya 1 mpaka ya 21, kwa hiyo mgeni akipotea ni kwa kutaka mwenyewe. Baiskeli hapo bado zina heshima yake.

Lakini kuzurura peke yake hakutoshi. Anayepita anatazama tu hutazamwa vilevile, na watu hunyamaza anapokaribia. Dawa yake ni kuwa na shida ndogo ya kweli: kifungo kimekatika, nywele zimezidi, soli imeachia. Mimi naiamini zaidi soli. Fundi viatu hukupa benchi na kandambili moja ya kuazima, na mtu aliyekaa na kandambili ya watu mguu mmoja hana cheo tena, hata kama kitambulisho cha semina kinaning'inia shingoni. Mzee mmoja aliyekuwa akinishonea, huku akipitisha uzi kwenye nta, alinieleza habari za baba yake, aliyeletwa kutoka Kigoma akiwa manamba wa mashamba ya mkonge. Nilikuwa nimesoma kwamba mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 1,000 ilitoka Florida, ikafika hai 62 tu. Nilikuwa nimesoma pia habari za kipande, kadi ya siku 30 za kazi ambayo kibarua alitakiwa kuijaza ndani ya siku 42. Ila hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtoto nyumbani aliijua siku ya kipande kujaa kwa harufu ya nyama.

Ufundi huu ni wa zamani. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha kitabu cha Safari za Wasuaheli, na humo yumo Selim bin Abakari, aliyefika Urusi mpaka Siberia kwa sababu bwana wake Mjerumani, Bumiller, alikuwa akienda. Njia hakuichagua yeye. Alikuwa kazini kuliko sisi sote tunaolalamikia ratiba, na bado akapata nafasi ya kuwaangalia watu wa huko vya kutosha kuandika habari zao.

Zipo pia zile ziara za waandaaji, siku ya mwisho, basi dogo na fulana za rangi moja. Tanga hupelekwa Amboni. Mapango yenyewe ni mazuri mno, nenda. Ila ukiyatembelea na watu thelathini wanaojipiga picha, utakachorudi nacho ni habari za ofisini. Afadhali uende na mwenzako mmoja asiyependa kuongea.

Mwezi ujao kikao ni Dodoma. Wenzangu wameshaanza kunung'unika kwamba huko hakuna kitu ila vumbi na wizara. Mimi nina saa ya mkononi iliyosimama tangu Idi, na fundi wa mtaani kwetu nimemnyima makusudi. Nitaipeleka Majengo, sokoni, na wakati inafunguliwa nitauliza habari za zabibu. Nasikia huvunwa mara mbili kwa mwaka, na nataka mtu wa huko anieleze ni zipi tamu, za mwanzo au za pili, na kwa nini kila anayeniuzia hapa mjini huapa kwamba zake ndizo zile tamu.