Chupa Juani, Chupa Kivulini: Jaribio la Kajiado Lilivyopangwa

Maji yaliwekwa katika chupa za plastiki zinazopitisha mwanga. Kwa nusu ya watoto, chupa zilipandishwa juu ya paa zikapigwa na jua. Kwa nusu nyingine zilibaki ndani ya nyumba. Hapakuwa na kemikali wala mtambo. Jaribio hilo, lililofanywa miongoni mwa watoto wa Kimaasai wa Kajiado, Kenya, na kuchapishwa katika jarida la tiba la The Lancet mwaka 1996, lingali linastahili kusomwa na yeyote anayetaka kujua jinsi swali la vijidudu na maji machafu linavyoulizwa kisayansi.

Wazo lenyewe la kusafisha maji kwa jua halikuzaliwa Kajiado. Mwaka 1980 Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut waliandika kwamba mwanga wa jua huua bakteria katika maji ya chumvi na sukari wanayopewa watoto wanaohara. Ila mwanga huo unataka maji maangavu. Anayejua silanga za Kajiado, yaani mabwawa ya maji, baada ya ng'ombe kunywa na kukanyaga anajua maji yake yana rangi gani. Tope huzuia mionzi ya urujuanimno isipenye, na bakteria waliojificha nyuma ya chembe za udongo husalimika.

Hapo ndipo watafiti wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Ireland, mjini Dublin, wakiwemo Ronán Conroy na Kevin McGuigan, pamoja na Michael Elmore-Meegan aliyekuwa akifanya kazi na jamii za Wamaasai, walipoonyesha ustadi wao. Kabla ya kumgusa mtoto yeyote waligawa swali vipande viwili. Kama mwanga hauwezi kupenya tope, je, joto peke yake linatosha?

Walianza kwa kupima joto la maji ndani ya chupa za lita 2 zilizoachwa kwenye jua kali la Kenya. Kiwango cha juu kilifika nyuzi 55 za Selsiasi. Kisha maabara iliiga mwenendo huo wa joto: maji yenye E. coli wapatao milioni 2 katika kila mililita yalipashwa kama yalivyopata joto chini ya jua la Afrika. Ndani ya saa 7 hakukuwa na bakteria hai aliyeonekana.

Wengi wangeishia hapo na kupongezana. Wao walisubiri saa 12 zaidi, wakapima tena. Sababu ni kwamba bakteria aliyejeruhiwa anaweza kushindwa kuota leo na akajirekebisha kesho, na anayehesabu mara moja tu atamwandika maiti akiwa hai. Kuhesabu kwenyewe kuna mtego wake. Mililita moja ya maji yenye bakteria milioni 2 ikimwagwa kwenye sahani ya kuoteshea, asubuhi utakuta utando mmoja usiohesabika. Kwa hiyo sampuli hupunguzwa makali mara kumi, kisha mara kumi tena, hadi sahani ioteshe vidoa vichache vinavyoweza kuhesabiwa kwa jicho. Ndipo hesabu huzidishwa kurudi ilikotoka. Katika kesi hii kipimo cha pili kilikuta sifuri pia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka huohuo wa 1996, katika jarida la mikrobiolojia.

Maabara imejibu, lakini mtoto haishi maabarani. Swali la pili, yaani kama anayekunywa maji hayo ataharisha kidogo zaidi, lilihitaji nyumba halisi, na hapa mpango wa chupa ndio unaonivutia zaidi. Wangeweza kulinganisha wenye chupa na wasio na chupa, na matokeo yangekuwa bure: chupa yenye kifuniko ni safi kuliko ndoo iliyo wazi inayochotwa kwa kikombe, hata bila jua. Kwa kuwapa wote chupa, kilichobaki kutofautiana kilikuwa jua.

Watoto walikuwa 206, wa miaka 5 hadi 16. Walioangukia kwenye nyumba za jua walikuwa 108, wa nyumba za kivuli 98. Kwa wiki 12, wasaidizi wanaozungumza Kimaasai waliuliza kila baada ya wiki mbili kama mtoto ameharisha. Hesabu ikatoka hivi: kundi la jua lilikuwa na wastani wa vipindi 4.1 vya kuhara kwa kila mtoto kati ya vipindi 6 vya wiki mbili, na kundi la kivuli 4.5. Tofauti ndogo mno. Lakini walipotazama kuhara kulikomzuia mtoto kufanya kazi zake, wastani ulikuwa 1.7 dhidi ya 2.3, na uwiano wa uwezekano (wa kuugua dhidi ya kutougua) ulishuka kwa takriban thuluthi moja.

Takwimu hizo zinafaa kutazamwa bila ushabiki. Hata walioweka chupa juani waliharisha katika zaidi ya nusu ya vipindi, kwa kuwa mtoto hupata vijidudu pia kwa mikono, kwa maziwa, kwa nzi, na kwa maji anayokunywa akiwa malishoni. Halafu hakuna namna ya kuficha chupa iliyo juu ya paa: kila mama alijua kundi lake, na aliyeamini jua linasaidia angeweza kusahau siku moja ya tumbo la mtoto. Huo ni udhaifu wa kweli wa jaribio. Utafiti uliofuata, wa watoto 349 wa chini ya miaka 6, ulioripotiwa mwaka 1999, ulipata upungufu wa asilimia 16 kwa mwaka mzima.

Kisha kipindupindu kikaja bila kualikwa. Mlipuko wa 1997 na 1998 ulipofika eneo la utafiti, nyumba 131 zilikuwa tayari na makundi yake. Kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya juani, waliougua ni 3. Kati ya 144 wa kundi la kivuli, waliougua ni 20. Kwa watoto wakubwa na watu wazima hakukuonekana tofauti ya maana, jambo ambalo kwangu linaongeza imani: mtoto mdogo hunywa nyumbani, mkubwa hunywa popote kiu inapomkuta. Ugonjwa wenyewe pia si wa kusahaulika kama tumbo la siku moja.

Kwingineko mambo hayakwenda hivyo. Nchini Bolivia, jaribio lililochapishwa mwaka 2009 katika jamii 22 za vijijini halikupata ushahidi thabiti kwamba kuhara kulipungua. Ni kama thuluthi moja tu ya kaya zilizotumia njia hiyo ipasavyo. Jua lilikuwepo, chupa zilikuwepo, mazoea hayakuwepo.

Turudi Kajiado: Kitengela ya leo, mji wa huko, inahitaji swali lake. Maji hutoka visima virefu, au huja kwa lori na kwa mitungi ya lita 20. Visima vingi vya Kajiado vina floridi, na floridi haina uhai wa kuuliwa: chupa ikae juani mwezi mzima, kiwango chake hakishuki.

Kwa uchafu wa choo, mwalimu wa sayansi anaweza kurudia sehemu ya kazi ya Dublin kwa gharama ndogo, mradi maabara yenye vibali ioteshe na kuhesabu. Maji yaleyale yagawanywe: chupa isiyofungwa kitu juani, chupa iliyofungwa karatasi nyeusi juani, na chupa kivulini. Ya pili hupata joto bila mwanga. Karatasi nyeusi hufyonza joto zaidi, kwa hiyo kila chupa iwe na kipimajoto chake, la sivyo matokeo hayasomeki. Kila aina iwe na chupa tatu au zaidi, na sampuli ichukuliwe kabla ya kuanza. Seti nyingine iongezwe udongo uliopimwa, ili ijulikane tope linawakinga bakteria kwa kiasi gani.

Jaribio lifanywe Januari, kisha lirudiwe Julai, wakati mawingu mara nyingi hukaa juu ya tambarare ya Athi na Kapiti. Mwongozo wa kawaida wa njia hii ni saa 6 za jua, au siku mbili mfululizo anga likiwa limefunikwa zaidi ya nusu. Kipimo cha kulinganishia kipo tayari: kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka chanzo cha maji ya nyumbani kiwe na E. coli sifuri katika mililita 100.