Istilahi za Meza ya Karata: Uhakiki wa Tafsiri ya Mchezo wa Poka

Makala haya yanakusudia kuchunguza tafsiri ya Kiswahili iliyotiwa katika mchezo mmoja wa poka unaochezwa kwa simu kupitia mtandao. Jina la mchezo huo na la kampuni iliyoutengeneza hatutayataja, kwa kuwa makosa tutakayoyaeleza si ya kampuni moja tu. Ni makosa ya namna ya kutafsiri ambayo sasa imeenea. Huenda msomaji akauliza: je, yafaa jarida la istilahi lishughulike na mambo ya kamari? Jibu letu litaonekana kadiri makala yanavyoendelea. Kwa sasa yatosha kusema kwamba penye fedha ya mtu, neno lisiloeleweka ni hasara.

Chanzo cha uchunguzi huu ni kisa kidogo kilichotokea Ngara. Mdogo wangu wa ukoo, mkulima kijana, alifungua mchezo huo jioni moja akaona meza yenye wachezaji watatu. Alitaka mwenzake wa jirani ajiunge naye. Mbele yake palikuwa na kitufe kilichoandikwa "Ita". Akakibonyeza. Kumbe mchezaji aliyemtangulia alikuwa ameweka dau la fedha zake zote, na "kuita" maana yake ni kukubali kuweka kiasi kilekile. Fedha aliyokuwa ameiweka akiba kwa ajili ya mbolea ikaisha kwa mguso mmoja wa kidole. Aliponieleza alisema, "Kaka, mimi nilimwita mwenzangu tu." Sikuwa na la kumjibu kama ndugu, lakini kama mtu wa istilahi nilijua kwamba alikuwa amesoma Kiswahili sawasawa. Aliyekosea ni mtafsiri.

1. Urithi tulio nao

Kabla ya kuhukumu tafsiri hiyo, hapana budi tujiulize kama Kiswahili kilikuwa na msamiati wa karata. Kilikuwa nao, na ni wa zamani. Neno lenyewe "karata" limetokana na Kireno "carta", na "meza" limetokana na "mesa". Katika karne mbili za kuwapo Wareno katika pwani yetu, hadi Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipowatoka mwaka 1698, maneno hayo yalizama katika lugha hata leo hakuna anayeyaona kuwa ya kigeni. Majina ya jamii nne za karata nayo ni ya asili hiyo: shupaza ni "espadas", kopa ni "copas", uru ni "ouros", na pau ni "paus". Turufu ni "trunfo". Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 imeyahifadhi maneno ya namna hii, na wachezaji wa vibarazani Unguja, Tanga na Dar es Salaam wanayatumia bila ya kufungua kamusi yoyote.

Maneno haya hayakukaa pwani peke yake. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, kambi ya wakimbizi ya Lukole ilikuwa bado ipo. Baada ya wakimbizi wa Rwanda kurejea kwao Desemba 1996, Lukole ilibaki kuwa makao ya Warundi wengi, hata ilipofungwa mwaka 2008. Jioni watu walitandika gunia chini ya mti wakacheza karata, na dau lilikuwa punje za mahindi au maharage. Mrundi alisema "gukina amakarata", Mhangaza alimwelewa bila ya mkalimani kwa sababu lugha zao ni jirani sana, na alipofika Mswahili wa kutoka mbali wote waligeukia Kiswahili: gawa, changanya, kata, tupa, zamu yako. Sikuona mtu akitafuta neno. Mchezo uliotoka nje ya nchi ulikuwa umekwisha kupata lugha yake, na lugha hiyo iliunganisha watu ambao siasa na vita vilikuwa vimewatenganisha.

Kwa hiyo mtafsiri wa poka hakuikuta nyumba tupu. Aliikuta ina vyombo, akapita asivitazame.

2. Makosa ya kutafsiri umbo badala ya dhana

Kanuni ya kwanza ya uundaji wa istilahi ni kwamba tunatafsiri dhana, hatutafsiri sauti wala sura ya neno. Tafsiri tunayoihakiki imevunja kanuni hii karibu kila ukurasa. Tutatoa mifano michache.

(a) Mgawaji wa karata ameitwa "muuzaji". Katika Kiingereza neno moja hutumika kwa mfanyabiashara na kwa mtu anayegawa karata. Katika Kiswahili hawa ni watu wawili. Mgawaji hauzi kitu.

(b) Vipande vinavyosimama badala ya fedha vimeitwa "chipsi". Msomaji wa Kiswahili anayeambiwa kwamba ana chipsi 500 mezani atafikiria viazi vya kukaanga. Neno lipo: ni kete. Wachezaji wa bao na wa drafti wanalitumia. Tunajua kwamba magazeti hulitumia pia kwa vifurushi vya dawa za kulevya, lakini maana hiyo haiwezi kuingia mezani ikaleta utata.

(c) Fedha inayokusanywa katikati ya meza imeitwa "sufuria". Hili halihitaji maelezo marefu. Tunapendekeza kapu, kwa kuwa ndimo watu wanamotia michango ya pamoja, kiwe kikubwa au kidogo kilichomo. Neno "kitita" halifai, kwa sababu linadokeza wingi, na kapu la poka huweza kuwa na kete mbili tu.

(d) Madau mawili ambayo wachezaji wawili hulazimika kuyaweka kabla ya karata kugawiwa yameitwa "kipofu mdogo" na "kipofu mkubwa". Hapa mtafsiri amegeuza dau kuwa mtu mlemavu. Dhana ni dau linalowekwa kabla ya kuona karata, nalo ni la lazima. Tunapendekeza dau tangulizi dogo na dau tangulizi kubwa. Lisichanganywe na kiingilio, ambacho katika meza nyingine hutolewa na kila mchezaji kwa usawa.

(e) Kuacha kushindana katika mgao mmoja kumeitwa "kunja". Kiswahili hukunja nguo, barua na jamvi. Aliyekunja jamvi amemaliza shughuli yote, lakini mchezaji huyu hajaimaliza. Atarudi katika mgao unaofuata. Tunapendekeza jitoa kwa mgao mmoja, na ondoka mezani kwa yule anayekwenda zake. Tofauti hiyo ni muhimu, maana anayejitoa bado ana kete mezani.

(f) Kupisha zamu bila ya kuongeza dau kumeitwa "hakiki". Mchezaji mgeni atadhani kwamba anaonyeshwa karata zake azikague. Pisha ni neno fupi na linatosha.

(g) "Ita" ndilo lililomponza ndugu yetu. Dhana ni kulingana na dau la aliyetangulia. Wengine wamependekeza "sawazisha", neno linalojulikana na mashabiki wa mpira, lakini tunaona linadokeza kwamba mashindano yamekuwa sare. Tunapendekeza fuata dau. Ni maneno mawili, na yanataja dau waziwazi, ili anayebonyeza ajue kwamba anatoa mali.

Haki itendeke: si yote mabaya. "Pandisha dau" ni tafsiri nzuri, nayo imekwisha kuzoeleka katika magazeti. "Jozi" na "jozi mbili" zimetumika ipasavyo. Hata kulitohoa jina la mchezo wenyewe kuwa "poka" tunakuunga mkono. Utohozi haukatazwi, karata, meza na turufu zote ni tohozi. Kinachokatazwa ni kuchukua neno la nyumbani na kulibebesha mzigo usio wake.

3. Kuandaa meza au kufungua meza?

Sehemu ya mchezo iliyonishughulisha zaidi ni ile ambayo mchezaji hujianzishia meza yake mwenyewe. Huchagua idadi ya viti, tangu wachezaji wawili hadi tisa. Huamua kiwango cha chini cha dau, muda wa kila zamu, na kama meza iwe ya wazi kwa kila mtu au ya faragha kwa waalikwa tu. Mtafsiri ameandika juu ya ukurasa huo "Andaa meza".

Kisarufi hakuna kosa. Lakini kuandaa meza, kwa Mswahili yeyote, ni kuweka sahani na chakula wageni wale. Lugha ina mazoea yake, na neno huja na jamaa zake. Tulifikiri pia juu ya "tandika jamvi", kwa kuwa karata kwetu zimechezwa jamvini kuliko mezani. Neno hilo lina uzuri wake, ila mchezaji angetandika jamvi kisha akaambiwa achague kiti, na picha mbili hizo hazikai pamoja. Tunaona bora fungua meza, kwa mfano wa kufungua duka, kufungua akaunti na kufungua kikao. Kinyume chake ni funga meza. Anayemleta mwenzake atumie alika, wala si "ita".

4. Suala la mzungu wa karata

Hapa yafaa nikiri kosa langu. Nilipoona kwamba tafsiri inasema "mfalme", "malkia" na "jeki", niliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba mtafsiri amesahau maneno yetu. Katika Kiswahili cha karata, zile zenye picha huitwa wazungu: mzungu wa nne ni mfalme, mzungu wa tatu ni yule kijana, na mzungu wa pili ni malkia. Nilitaka yarudishwe.

Nilipoyatazama tena niliona tatizo. Katika michezo ya Kireno kijana humshinda malkia, na hesabu ya wazungu wetu imefuata daraja hilo. Katika poka malkia ndiye anayemshinda kijana. Tukisema "mzungu wa tatu" kwa karata ambayo katika mchezo huu inashindwa na "mzungu wa pili", jina litasema hivi na kanuni itasema vile. Mchezaji atawekea dau karata dhaifu akidhani ni ya nguvu. Tutakuwa tumefanya kosa lilelile la "ita", safari hii kwa mapenzi ya urithi.

Kwa hiyo mfalme na malkia yakubaliwe. Kwa kijana tunapendekeza ghulamu badala ya "jeki", na karata yenye alama moja iitwe ree kama zamani. Wazungu wa pili, wa tatu na wa nne wabaki katika michezo iliyowazaa. Neno la asili si lazima liwe neno sahihi kila mahali.

5. Majina ya mipango

Neno la Kiingereza lenye maana ya mkono hubeba dhana tatu katika poka: karata alizoshika mchezaji, mpangilio wa karata tano unaoshindanishwa, na kipindi kimoja tangu kugawa hadi mshindi kujulikana. Tafsiri imeandika "mkono" kwa zote tatu. Tunapendekeza karata za mkononi, mpango na mgao.

Karata ni 52, na mipango ya karata tano inayowezekana ni 2,598,960. Nguvu ya mpango hutegemea uhaba wake. Mipango ya karata tano zinazofuatana ni 10,200. Ya karata za jamii moja ni 5,108. Ya tatu za namna moja pamoja na jozi ni 3,744. Mtafsiri ameiita hii ya mwisho "nyumba iliyojaa", na ile ya pili ameiita "suti moja", kana kwamba karata zimevaa kwenda harusini. Tunapendekeza mfululizo, jamii moja, na utatu na jozi. Mwanafunzi akiyasikia majina hayo huweza kuuona mpango wenyewe, na mwalimu wa hisabati akitaka huweza kuyatumia katika somo la uwezekano bila ya kucheza kamari hata siku moja.

6. Tamati

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ndiyo iliyoiunda Bodi inayosimamia shughuli hizi nchini. Sheria imechagua kusema "michezo ya kubahatisha" pale ambapo msikiti, kanisa na mzazi husema "kamari". Hatuna nia ya kuamua nani ana haki. Istilahi ya sheria hutafuta neno lisilohukumu, na lugha ya maadili hutafuta neno linalohukumu. Lakini pande zote mbili zinapaswa kukubaliana juu ya jambo moja: mtu anayeombwa fedha kwa Kiswahili aombwe kwa Kiswahili anachokielewa. Anayependa kumwonya kijana naye anahitaji maneno hayo hayo, kwa maana huwezi kumwonya mtu juu ya hatari usiyoweza kuitaja.

Wale waliokaa juu ya gunia pale Lukole hawakuwa na kamati wala kamusi. Walikuwa na mchezo, na kila aliyeketi alijua lini anatoa punje yake na kwa nini. Kipimo hicho kinatosha kwa istilahi zilizopendekezwa hapa. Walimu, watafsiri na watumishi wa umma waliosikia maneno bora zaidi katika sehemu zao wanaombwa wayalete, pamoja na mfano wa jinsi yanavyotumika, ili yajadiliwe kabla ya kusanifiwa.