Nakala na Mbebaji Wake

Neno la Kiingereza "copy" lilizaliwa katika neema. Asili yake ni "copia" ya Kilatini, yenye maana ya wingi na ukwasi, na kwa njia ya Kifaransa likaingia Uingereza katika karne ya 14. Ndugu yake, "copious", angali na maana ile ile ya mzazi. Katika Kilatini cha zama za kati, kumpa mtu "copia" ya waraka kulikuwa kumpa ruhusa ya kuunakili; kisha neno likahama kutoka kwenye ruhusa likaishia kwenye karatasi yenyewe. Ndani ya neno hilo, basi, mna hesabu: kilichokuwa kimoja kimekuwa vingi.

Kiswahili kilipita njia nyingine. "Nakala", "nakili" na "nukuu" ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, naqala, ambao maana yake ya kwanza ni kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Mzizi mwingine, nasakha, humaanisha kunakili na pia kufuta, kama hukumu mpya inavyoitangua ya zamani. Ndio uliolipa jina lake khati la naskhi. Maana ya naqala haina wingi wala ufutaji. Ina safari, na safari haikosi mbebaji. Huko Baghdad, katika karne ya 10, Ibn al-Nadim aliwataja wafasiri kwa jina la mzizi huo huo: mfasiri naye ni mchukuzi.

Maana hii si pambo la kamusi. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, zimemfikia msomaji wa leo kwa mikono ya watu wengine. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kuziandikia maelezo, W. E. Taylor akazipokea, na William Hichens akazichapa kwa jina la *Diwani ya Muyaka* mwaka 1940. Kule Lamu, Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi kwa khati la kupendeza kwa ajili ya Hichens, Alice Werner na Ernst Dammann. Kijuma alikuwa mshairi, na alikuwa na desturi ya kutia jina lake mwishoni mwa kazi aliyoinakili. Hakudai utunzi, alikiri uchukuzi.

Hapa ndipo uhakiki wa tenzi unapopotoka. Mstari mmoja ukisomeka namna mbili katika nakala mbili, mhariri wa kisasa hukimbilia kuuliza ni upi sahihi, kisha mwandishi wa ule mwingine akahesabiwa mzembe. Swali hilo ni halali, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: nani alibeba, kutoka wapi, na kwa ajili ya nani? Anayenakili utenzi wa Pate kwa msomaji wa Mombasa anavuka mpaka wa lahaja, na huenda neno alilolibadili ndilo ushuhuda wa kivuko hicho.

Neno lenyewe limesafiri mbali na bahari. Masakta ni kata ya Hanang, mkoani Manyara, katika nchi ya Mbulu na Hanang ambako Kiiraqw, lugha ya Kikushi, kinasikika. Wairaqw wana slufay, dua ya baraka inayoongozwa na mzee huku wasikilizaji wakiitikia. Hiyo hurithishwa kwa sauti bila kungoja karatasi. Lakini hata huko barua ya serikali humalizikia kwa neno "Nakala", na mwombaji wa kazi huambiwa alete nakala ya cheti iliyothibitishwa. Mhuri ule ni wa nini, ikiwa mashine haikosei hata nukta? Ni kwa sababu fotokopi haina mbebaji. Mhuri na sahihi humrudisha: yupo mtu aliyeiona asili, naye anajifunga kwa jina lake.

Ofisi imekumbuka jambo ambalo wachapaji wa mashairi wamelisahau. Kila utenzi unaochapwa upya ustahili kuonyesha, kando ya jina la mtunzi, jina la aliyeunakili na mji alikonakilia. Mtunzi hatapungukiwa na kitu. Bila Sikujua, Mombasa ingebaki na jina la Muyaka na beti chache za kukumbukwa.