Kabla ya kuhesabu mizani, tuulize shairi linauma wapi

Juma lililopita mwanafunzi mmoja aliniletea shairi lake. Vina vilikuwa sawa, mizani kumi na sita kila mshororo, hata moja haikupungua. Nikamuuliza, “Sasa wewe hapa unalia nini?” Akanitazama tu.

Simlaumu. Tumewazoesha watoto wetu kuhesabu mizani kama karani ahesabuye magunia. Tunawauliza bahari ya shairi na uhuru wa mshairi. Hatuwaulizi limewagusa wapi.

Wapo nao wanaodai kwamba vina na mizani ndivyo vinavyolisonga shairi likakosa pumzi. Hao nawaambia: someni tena Sauti ya Dhiki. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka wa 1969, akiwa kijana tu, kwa sababu ya kijikaratasi alichokiita Kenya: Twendapi? Alikaa jela miaka mitatu, sehemu kubwa akiwa ametengwa peke yake. Mashairi yake aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, yakaja kuchapishwa mwaka wa 1973.

Mtu wa hali hiyo angesamehewa lau angezitupa kanuni zote. Hakuzitupa. Alitunga kwa Kimvita chake, kwa vina na mizani. Kwa nini? Naona aliyefungiwa huhitaji japo kitu kimoja anachokitawala mwenyewe. Mle ndani hakuamua ale nini wala aonane na nani, lakini mshororo uishie wapi aliamua yeye. Kanuni hazikuizima dhiki yake. Ziliikinga isimwagike ovyo. Hata anwani ya shairi mojawapo, Siwati, yaani siachi, ni msimamo mzima ndani ya neno moja.

Mwaka wa 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi. Mwili ulizuiwa, sauti ikapita.

Basi walimu wenzangu, vina tufundishe, ila tusiviweke mbele ya kilichomfanya mtu ashike kalamu.

Mwanafunzi wangu amerudi juzi na beti mbili kuhusu marehemu mamake. Mizani imepungua mahali pawili. Nimemwambia hiyo tutairekebisha pamoja; kilio chenyewe tusikiguse.