Majina tunayafuta, lakabu tunaziacha

 

Tulialikwa katika akika ya mtoto wa kike, katika kijiji kimoja cha mkoa wa Singida. Mbuzi alikwisha chinjwa, nywele zimenyolewa, na baba wa mtoto akataja jina: Asia. Hapo akasimama kijana mmoja, mhubiri mwenye bidii ambaye hatutamtaja, akasema kuwa jina hilo halifai kabisa, kwani Mtume (s.a.w.) alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa hivyo akamwita Jamila. Bibi wa yule mtoto, ambaye jina lilikuwa lake na mjukuu anarithishwa, akainamisha kichwa. Ameitwa Asia tangu utoto wake, ameswali na kufunga kwa jina hilo, na leo anaambiwa mbele ya majirani kuwa jina lake ni maasi.

Hadithi aliyoitaja kijana ni sahihi, imo katika Sahihi Muslim. Kosa liko katika herufi. Jina lililobadilishwa linaanza kwa ain, na katikati lina sad, na maana yake ni mwanamke mwasi. Jina la bibi yetu linaanza kwa alif ya kuvutwa na lina sin, nalo ni jina la mke wa Firauni, yule ambaye Mwenyezi Mungu amempigia mfano kwa walioamini katika Suratut Tahrim, aya ya 11, na ambaye Mtume (s.a.w.) amemtaja kwa jina pamoja na Maryam katika wanawake waliokamilika. Mmoja ni mwasi, mwingine ni muumini aliyeishi ndani ya nyumba ya taghuti. Kwa herufi za Kilatini wote wawili wameandikwa Asia. Anayesoma dini kwa herufi hizo peke yake hawezi kuwatofautisha, na yule kijana hakuwatofautisha.

Tulipomuuliza amesoma wapi, alitoa mfukoni kijitabu cha majina, katika vile vinavyouzwa kwenye milango ya misikiti baada ya Swala ya Ijumaa. Vijitabu hivi tumevisoma vingi. Nia ya watungaji wake ni njema na wapo wazazi walionufaika navyo, lakini vingi vina aibu moja: jina haliandikwi kwa Kiarabu. Msomaji hupewa neno la Kilatini na maana mbele yake, basi. Hajui ni ha ya Hamidi au kha ya Khalidi, qaf au kaf. Abdulkhaliq ni mja wa Muumba. Ukiiondoa kha ukaweka ha, umemfanya mja wa mnyoaji. Hatumlaumu bibi wa Kinyaturu au wa Kinyiramba ambaye ulimi wake unasema Hadija na Hamisi, maana hivyo ndivyo majina haya yalivyotamkwa bara tangu zama za misafara ya Bagamoyo na Tabora, na Mwenyezi Mungu anajua amekusudia nani. Tunamlaumu anayejiita mwalimu wa majina na hali hajui herufi.

Miaka ya karibuni limezuka jambo jingine. Mzazi hufungua Msahafu, akaona neno linalopendeza sikioni, akampa mwanawe. Ndivyo tulivyopata kina Alaina. Neno hilo katika Qur'ani ni herufi ya jarri na dhamiri, na maana yake ni "juu yetu". Si haramu, lakini ni jina gani? Kuwemo kwa neno katika Qur'ani hakulifanyi kuwa jina jema, kwani Firauni na Qaruni nao wamo.

Liko pia janga la Abdul. Baba anataja Abdulrahman, muuguzi anaandika kwenye kadi ya kliniki Abdul, kisha nafasi, kisha Rahman. Kadi inazaa cheti cha kuzaliwa, cheti kinazaa jina la shuleni, na mtoto anakua akiitwa Abdul, yaani "mja wa", bila kusemwa ni wa nani. Mbaya zaidi ni kinyume chake, pale mitaani wanapomwita Rahmani peke yake. Hapa panahitaji kupambanua, wala tusiwatishe watu bure. Yako majina ya Mwenyezi Mungu ambayo waja hushirikishwa katika asili ya maana yake, kama Karim na Rahim, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe amesifiwa kwa huruma na rehema mwishoni mwa Suratut Tawba. Ama Rahman, Khaliq na Razzaq, hayo haitwi kiumbe. Baba aliandike jina kama neno moja tangu kwenye kadi, kwani kusahihisha baadaye ni viapo na nauli.

Tuje kwenye majina ya kikabila, ambayo wahubiri wetu wameyapiga vita zaidi. Wanamwambia Mnyaturu aliyesilimu kuwa jina alilopewa na babu yake ni la ukafiri kwa kuwa si la Kiarabu. Dalili hatuioni. Bilal (r.a.) alisilimu akabaki Bilal. Talha ni jina la mti, Hanzala ni mmea mchungu, na wenye majina hayo wameingia nayo katika Uislamu na hawakubadilishwa. Yaliyobadilishwa ni yale yenye kumwabudisha mtu kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu, au yenye kujitakasa, kama Barra aliyeitwa Zainab, au yenye maana mbaya. Tunachokikataa sisi ni ile imani kwamba mtoto analia usiku kwa sababu mzimu wa fulani unadai jina lake, kisha mganga anaitwa kulitaja. Hapo shida iko kwa mganga, jina halina kosa.

Na kina Shida, Tabu, Mateso na Masumbuko? Hao ni wengi, na aghalabu kila jina lina habari ya njaa, msiba au ndoa iliyovunjika. Mzazi asimbebeshe mtoto huzuni yake, na kubadilisha ni bora. Lakini ubora huo una adabu zake. Babu yake Said bin al-Musayyab aliitwa Hazn, maana yake ugumu. Mtume (s.a.w.) alimpendekezea jina la Sahl, yaani wepesi. Yule mzee akakataa kubadili jina alilopewa na baba yake. Said anasimulia kuwa ugumu ule uliendelea kuonekana katika ukoo wao, na habari hiyo ameipokea Bukhari. Wengi huishia hapo kwenye ugumu. Sisi tunawauliza: je, Mtume alimlazimisha? Alimfedhehesha mbele ya watu? Basi huyu anayemfedhehesha bibi kizee kwenye akika ya mjukuu wake amepata wapi ruhusa?

Linalotusikitisha ni kwamba wakati mhubiri anahangaika na majina ambayo sharia imeyaacha, pale pale uani watu walikuwa wakiitana kwa yale ambayo Qur'ani imeyakataza waziwazi, naye hakusema neno. Aliyechuna mbuzi aliitwa Chongo. Mpishi aliitwa Kiguu, kwa kuwa anachechemea. Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza kuitana kwa lakabu mbaya, na sababu ya kuteremka kwake ameipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Abu Jubaira: watu wa Bani Salima walikuwa kila mmoja na majina mawili au matatu, na Mtume (s.a.w.) akimwita mtu kwa mojawapo, huambiwa kuwa mwenyewe hulichukia.

Watajibu kuwa ni utani. Utani wa makabila na wa babu na mjukuu tunaujua, na bibi anayemwita mjukuu wake "mume wangu" hatuna ugomvi naye. Watasema pia kuwa wapokezi wa Hadithi wameitwa al-A'mash, mwenye macho dhaifu, na al-A'raj, kiguru. Imamu Nawawi amelieleza hilo katika al-Adhkar: lakabu anayoichukia mwenyewe ni haramu kwa makubaliano ya wanazuoni, na ikaruhusiwa kuitaja kwa kumtambulisha asiyejulikana ila kwayo. Imamu Shafi, tunayemfuata, alipompokea Ismail aliyejulikana kwa Ibn Ulayya, naye akiichukia lakabu hiyo, alikuwa akisema ni Ismail ambaye huitwa Ibn Ulayya. Maneno mawili tu ya kuongeza, na heshima ya mtu ikahifadhika.

Lakabu inaweza hata kuua. Tanzania hii ndugu zetu wenye ualbino waliitwa "dili" mitaani, kana kwamba ni bidhaa, na kuanzia mwaka 2007 habari za kuuawa kwao kwa ajili ya viungo zilienea hadi nje ya nchi. Kabla ya panga lilitangulia jina.

Na lakabu njema tunazo, wala hatukuzitoa mbali. Kumwita mtu Baba Juma au Mama Zainab ndiyo kunia yenyewe ya Waarabu. Mke asiyethubutu kulitamka jina la mkwewe humwita mwanawe mdogo "Baba" kwa sababu amepewa jina la babu yake. Mtume (s.a.w.) alimwita mtoto mdogo Abu Umair akimliwaza kwa ndege wake aliyekufa, na alimwita Ali (r.a.) Abu Turab kwa vumbi lililomshika, na Ali hakuwa na jina alilolipenda kuliko hilo.

Siku ile tuliomba kalamu, tukaliandika jina la mtoto kwa Kiarabu nyuma ya kadi yake, alif ya kuvutwa na sin, tukampa bibi. Kijana aliliangalia kwa muda, kisha akamwomba radhi. Bibi alimsamehe, akamwambia amwite Mama Hamisi kama wenzake. Chongo alikuwa bado anagawa nyama. Tulimwuliza jina lake ni nani, na watu waliokaa naye jirani miaka mingi wakatazamana.

Wallahu a'lam.